Lugha za Kompyuta (4): Maandishi Yanayogeuka Amri

Katika lugha ya programu, maandishi yaliyofungwa ndani ya alama za nukuu ni maandishi tu. Kompyuta ikikuta "7 + 5" huona mfuatano wa herufi tano, nafasi mbili zikiwamo, wala haijumlishi chochote. Alama za nukuu zikiondolewa, jibu ni 12. Python, JavaScript, Perl na PHP zote zina njia ya kuvuka kutoka hali ya kwanza hadi ya pili, na zote huiita eval. Amri hiyo hupokea mfuatano wa herufi, huusoma kama sehemu ya programu, kisha huutekeleza papo hapo.

Hilo huwezekana kwa sababu lugha za skripti hutembea na programu-fasiri yake. Programu ya C kwa kawaida hutafsiriwa yote kabla ya kuanza kazi, na kompaila, yaani programu inayoitafsiri, hubaki katika kompyuta ya mwandishi. Programu ya Python huwa na fasiri kando yake muda wote, hivyo inaweza kuipa sentensi mpya kazi ikiendelea.

Asili ya jina eval ni Lisp, lugha iliyobuniwa na John McCarthy katika chuo cha MIT, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1960, McCarthy alieleza fanksheni ya eval, yenye uwezo wa kukokotoa usemi wowote wa Lisp. Aliikusudia kuwa nadharia. Mwenzake Steve Russell ndiye aliyetambua kwamba, ikiandikwa katika lugha ya mashine ya kompyuta ya IBM 704, fanksheni hiyo ingekuwa fasiri kamili. Akaiandika, nayo ikafanya kazi. Lakini eval ya Lisp hupokea orodha zilizokwisha kupangwa, ilhali ile ya lugha za skripti hupokea maandishi ghafi, na maandishi ghafi yanaweza kutoka kwa mtu yeyote.

Hapo ndipo penye hatari. Katika Python 2, fanksheni ya input ilipitisha kila jibu la mtumiaji ndani ya eval. Aliyeulizwa umri akaandika 20 + 1 alisajiliwa kuwa na miaka 21, jambo lisilodhuru. Lakini katika mchezo wa kubahatisha namba iliyotunzwa katika kigeu kiitwacho siri, mchezaji aliyeandika neno siri alishinda kwa jaribio la kwanza, maana programu ilimsomea namba yenyewe. Kwa njia hiyohiyo angeweza kuandika amri ya kufuta mafaili. Python 3, iliyotoka Desemba 2008, iliirekebisha input irudishe maandishi pekee.

JavaScript ilipitia njia kama hiyo. Mtindo wa JSON, ulioenezwa na Douglas Crockford, huandika data kwa sarufi ya JavaScript yenyewe, hivyo ilikuwa rahisi kuisoma kwa eval. Ila seva iliyoingiliwa ingeweza kutuma amri mahali pa data, na kivinjari kingezitekeleza kwa mamlaka yote ya ukurasa uliofunguliwa. Toleo la tano la ECMAScript, kiwango rasmi cha JavaScript, mwaka 2009, lilileta JSON.parse, ambayo husoma data na kukataa chochote kingine.

Wengi hujaribu kuchuja maneno hatari kabla ya kuita eval. Kinga hiyo ni dhaifu mno. Katika Python, hata fanksheni zote za msingi zikiondolewa, mabano mawili matupu ni kitu chenye aina yake, na kutoka aina hiyo mjuzi hupanda hadi aina mama na kushukia karibu kila kitu kilichomo kwenye programu. Iliyo salama zaidi ni literal_eval, inayokubali namba, maandishi, orodha na vitu vya jinsi hiyo tu. Hata hivyo, maandishi marefu yenye mabano ndani ya mabano yanaweza kuiangusha.

Matumizi halali yapo. Dirisha la Python ambamo mwanafunzi huandika mstari na kupata jibu mara moja limejengwa juu ya wazo hilihili. Moduli ya dataclasses, iliyoingia katika Python 3.7 mwaka 2018, hutunga maandishi ya fanksheni kisha huyatekeleza kwa exec, ndugu wa eval. Majina yanayoingia katika maandishi hayo huandikwa na mtunzi wa programu, si na mtumiaji.