Marekani: Wanamaliza sekondari wakiwa na diploma mbili

Kumaliza sekondari ukiwa tayari umesoma miaka miwili ya chuo kikuu, bila mzazi kulipa minerval: ndivyo inavyofanyika mjini New York, katika shule ya serikali iitwayo Bard High School Early College, iliyofunguliwa mwaka wa 2001.

Miaka miwili ya kwanza, wanafunzi husoma masomo ya kawaida ya sekondari. Kuanzia mwaka wa tatu, wakiwa na umri wa miaka 16 hivi, wanaanza masomo ya chuo kikuu palepale shuleni. Anayefaulu yote hupata diploma ya sekondari na nyingine ya chuo, ya miaka miwili.

Lakini kazi si ndogo. Katika seminari, mwalimu hajazi ubao ili wanafunzi wanakili. Kila mmoja huja akiwa amesoma kitabu nyumbani, anatoa wazo lake, wenzake wanalipinga, kisha anaandika kulitetea. Aliyezoea kukariri tu anapata shida.

Kwetu Kongo, mwanafunzi anasubiri kwanza amalize humanité na afaulu Exetat. Wengi huishia hapo, si kwa kukosa akili, bali kwa kukosa minerval.

Hata huko Marekani, si kila chuo kikuu kinakubali masomo yote yaliyosomwa mapema, mengine hurudiwa. Ila mtoto huyo hafiki chuo kikuu kama mgeni: kusoma peke yake na kutetea wazo lake amekwisha kuzoea, na mzazi hakulipa kitu.