Shahada Peke Yake Haikupandishi Cheo

Mpwa wangu ni mzaliwa wa Mombasa, lakini kazi imempeleka mbali. Anafundisha Hisabati katika sekondari moja upande wa Karurumo, kaunti ya Embu. Juzi alinipigia simu kwa furaha: amemaliza shahada ya uzamili, sasa anataka kujua mshahara utapanda mwezi gani. Nilimpa hongera, kisha nikamwambia kuwa kwa karatasi hiyo peke yake, hautapanda.

Hakupenda. Na si yeye tu, nimesikia walimu wengi wa hapa Pwani wakilalamika hivyo hivyo. Wamekopa, wamesoma likizo baada ya likizo, wamefuzu, halafu payslip iko vile vile.

Zamani ilikuwa vingine. Kulikuwa na miongozo tofauti ya utumishi, kwa walimu wasio na shahada na kwa wenye shahada. Mwalimu wa msingi akipata shahada, alipeleka vyeti na kupandishwa daraja. Mambo yakabadilika baada ya Oktoba 2016, Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ilipotia saini mkataba wa pamoja na vyama vya KNUT na KUPPET, mkataba wa 2017 hadi 2021. Madaraja yakapangwa upya, kutoka B5 hadi D5, na mwaka 2018 ukaja mwongozo mpya wa kupanda vyeo. KNUT ikaupinga mahakamani, ikashinda Julai 2019, lakini ushindi ule ukawageukia. Wanachama wake walikosa nyongeza ambayo wenzao walipata, na maelfu wakakihama chama. Mwaka 2021 uongozi mpya wa KNUT ukaukubali mwongozo.

Sasa mwongozo wenyewe unafanyaje kazi? Mwalimu wa sekondari mwenye shahada huanzia C2, na sisi wa diploma tungeanzia C1. Kutoka C2 kwenda C3 ni miaka 3 ya kazi yenye tathmini nzuri. Hapo ndipo lifti inapoishia. Kuanzia C3 kwenda C4 na kuendelea ni mashindano: nafasi itangazwe, uombe, uitwe usaili, ushindane na wenzako. Na nafasi hutangazwa kulingana na bajeti. Unaweza kuwa mwalimu hodari kabisa na mwaka huo nafasi zikawa chache kuliko waombaji. Mimi naona hilo ni dhuluma kwa aliyefundisha miaka kumi daraja moja, lakini ndiyo kanuni iliyopo, na ni afadhali kuijua kuliko kungoja bure.

Nilipomdadisi zaidi, nikagundua jambo lililonishtua kuliko hiyo shahada. Mwaka wa pili huu mpwa wangu ndiye anayeiongoza idara ya Hisabati. Anapanga ratiba, anasimamia mitihani, anahudhuria vikao. Barua ya uteuzi? Hana. Aliambiwa kwa mdomo, "shikilia hapo kwanza." Basi siku ya usaili atawaonyesha nini? Jopo haliwezi kutia alama kwenye maneno ya mdomo. Nilimwambia aombe barua kesho yake asubuhi, kwa adabu, kwa maandishi, na abaki na nakala. Kisha afungue faili: fomu za tathmini za kila muhula, matokeo ya wanafunzi wake tangu alipowapokea, vyeti vya semina, kumbukumbu za vikao. Hiyo shahada ya uzamili nayo iingie humo, maana haijapotea bure. Inamsaidia kwenye ushindani, ila haimbebi.

Mtego huu wa "shikilia hapo" hauko shuleni tu. Kwa watumishi walio chini ya Tume ya Utumishi wa Umma, sheria ya 2017 inasema kukaimu cheo kusipungue siku 30 wala kusizidi miezi 6. Mahotelini na kwenye makampuni yetu ya Pwani, mtu hukaimu usupavaiza mpaka mvi zikamtoka.

Kwa walioajiriwa binafsi, hakuna sheria inayomlazimisha mwajiri akupandishe cheo. Lakini Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza kukubagua katika kupandisha vyeo kwa sababu ya dini, kabila, jinsia, ujauzito au ulemavu, na inamtaka alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ukidai umebaguliwa, ni yeye mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kuwa hakukubagua. Wengi hawalijui hili. Dada aliyepitwa kila mara kwa ajili ya hijabu yake ana pa kushika, mradi awe na tarehe, barua na majina ya waliopandishwa mbele yake. Ila asikae sana: madai ya ajira hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3 tangu jambo litokee, na kama ni dhara linaloendelea, ndani ya miezi 12 tangu likome.