Vifungo vya dhahabu vya mtumba: soma muhuri kabla ya kulipa

Bwana harusi mwenye wapambe wanne anahitaji jozi nne za vifungo vya mikono ya shati. Vya dhahabu vikiwa vipya, mfuko unalia. Ndiyo maana vya mtumba kutoka Uingereza vina wateja. Lakini asiyejua kusoma muhuri hununua shaba kwa bei ya dhahabu.

Geuza kifungo, tazama nyuma kwa lenzi. Namba 375 ni karati 9, 585 ni karati 14, 750 ni karati 18. Kando yake tafuta alama ya mji kilikopimwa: nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Ukikuta maneno "rolled gold" au herufi GP, hiyo ni dhahabu ya juu juu tu. Usitegemee sumaku, kwani shaba nayo hainaswi.

Kisha pima. Jozi ya karati 9 yenye gramu 8 ina gramu 3 tu za dhahabu safi. Anzia hapo kupatana bei. Herufi za mwenyewe wa zamani sonara anaweza kuzisugua zikafutika, ila kifungo cha kupakwa kitatoka shaba.

Mpakani, usivipitishe kwa cheti rahisi cha uasili. Cheti hicho ni cha bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi dola 2,000. Vya Uingereza vitangaze forodhani na utunze risiti, usije ukanyang'anywa zawadi za watu.