Mtoto wa Paka na Wanyama Wenzake Nyumbani

Mtoto wa paka awanyatiapo vifaranga au aurukiapo mkia wa mbwa mzee, huwa anajizoeza kuwinda. Je, silika hiyo yaweza kuongozwa? Mwaka 1930 mwanasaikolojia wa Kichina, Zing-Yang Kuo, alieleza kuwa kati ya paka 21 waliolelewa wakiwaona paka wakubwa wakiua panya, 18 waliua. Kati ya 18 waliolelewa pamoja na panya, waliua 3 tu. Basi mazoea yaanze mapema, harufu ikitangulia macho: mgeni akae kwanza chumba cha peke yake, na kitambaa alicholalia apelekewe mbwa akinuse. Kabla ya mlo achezeshwe kwa unyoya uliofungwa kijitini. Hata hivyo, wale watatu waliua. Kwa hiyo vifaranga wabaki tunduni.