Mwandishi-Raia na Gazeti la Simu: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Msimu wa korosho unapoanza, karibu na mwezi Oktoba, mkulima wa Marambo, katika pande za Nachingwea na Ruangwa, huhitaji habari moja kuliko nyingine zote, nayo ni bei iliyofikiwa katika mnada wa mwisho. Chama kikuu cha ushirika RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza korosho za vyama vya msingi kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika katika zao hilo msimu wa 2007/2008. Tangu msimu wa 2024/2025 minada hiyo huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkulima asiyejua bei huwa windo la mnunuzi wa kangomba, yaani yule apitaye vijijini kinyume cha sheria na kununua korosho kwa kipimo chake mwenyewe na kwa bei ya chini, mara nyingine hata kabla hazijaokotwa.

Magazeti ya Dar es Salaam huandika juu ya korosho pale tu jambo linapokuwa la taifa zima, kama ilivyokuwa Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kwamba itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mnada wa kawaida wa wiki hauna nafasi huko, wala kisima kilichoharibika au zahanati iliyoishiwa dawa. Pengo hilo ndilo linalojazwa na mwandishi-raia. Kwa jina hili hukusudiwa mtu asiyeajiriwa na chombo chochote cha habari, ambaye hukusanya na kutangaza habari za mahali anapoishi. Akifungua tovuti au blogu yake na kuuza nafasi za matangazo, huwa pia mjasiriamali. Kazi hizo mbili hukaa katika kichwa kimoja, na si mara zote zinapatana.

Jambo lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Msimulizi, gazeti lililoanza kuchapishwa mwaka 1888 huko Kiungani, Unguja, lilitegemea barua za walimu na wanafunzi kutoka vituo vya misheni. Mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianzishwa Mwanza kwa ajili ya watu wazima wa vijijini waliokuwa wamejifunza kusoma. Katika intaneti, blogu ya Kiswahili ya Ndesanjo Macha, Jikomboe, ilianza mwaka 2004. Mwaka uliofuata mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alianzisha ya kwake, na mwaka 2006 ulizaliwa mtandao uliokuja kuitwa JamiiForums. Mwaka huohuo Maggid Mjengwa alianzisha blogu yake, naye alifanya kazi akiwa Iringa badala ya mji mkuu wa biashara. Hata hivyo, karibu wote hao waliwaandikia wasomaji wa nchi nzima na Watanzania walioko ng'ambo. Tovuti ya wilaya moja au mbili ni kazi ya namna nyingine, na ugumu wake huonekana vizuri zaidi kwa kufuata habari moja tangu inapoandikwa hadi inaposomwa.

Mwandishi aliyeko Ruangwa anapobonyeza simu yake kuituma habari, simu huigeuza kuwa mfululizo wa tarakimu na kuupeleka kwa mawimbi ya redio hadi mnara ulio karibu. Kutoka mnarani tarakimu hizo husafiri kwa mawimbi mengine au kwa nyuzi za kioo hadi zifikie Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, na kupitia huo hadi Dar es Salaam. Tovuti nyingi ndogo za nchini hazihifadhiwi nchini. Huwekwa katika seva, yaani kompyuta kubwa za kuhifadhi na kugawa maandishi, ambazo mara nyingi ziko Ulaya au Marekani. Hivyo habari ya kisima cha Ruangwa huvuka bahari kwenda, kisha huvuka tena kurudi kwa msomaji aliye umbali wa nyumba tatu tu na kisima hicho. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari ya kilomita 10,000 huchukua sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Msomaji hahisi kitu chochote, ila siku njia inapokatika.

Mei 2024 watu wa kusini waliona njia mbili zikikatika kwa mfululizo. Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania tarehe 4 mwezi huo, na mafuriko yaliyofuatana nacho yakakata barabara ya Lindi na Dar es Salaam katika eneo la Somanga, wilaya ya Kilwa. Abiria na wenye magari ya mizigo walitaka kujua saa kwa saa kama barabara inapitika. Tarehe 12 Mei, kabla hata mambo hayajatulia, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini tarakimu hazikupitia kaskazini. Sehemu ya jibu ni kwamba Seacom ilikuwa imekwisha kukatika katika Bahari ya Shamu tangu Februari mwaka huo. Tofauti na hayo, intaneti ilipotoweka nchini kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, hadi tarehe 3 Novemba, hapakuwa na mkongo wowote uliokatika. Huduma ilikuwa imezimwa.

Mwandishi wa wilayani hana uwezo wa kushona mkongo wa baharini, lakini uzito wa habari yake umo mikononi mwake, na jambo hili hupuuzwa mno. Katika kompyuta kila herufi na kila nafasi kati ya maneno huchukua takriban baiti moja. Habari ya maneno 400 ya Kiswahili ina herufi na nafasi zipatazo 2,800, basi uzito wake ni baiti 2,800. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida na kutumwa bila kupunguzwa inaweza kufikia baiti milioni tatu, yaani zaidi ya mara elfu moja ya habari yenyewe. Picha ya mwendo ya dakika tano huzidi hapo kwa mbali. Msomaji anayenunua bando la siku kwa fedha za kuhesabu hulipia kila baiti, ziwe za bei ya korosho au za sura ya mgeni rasmi akikata utepe. Tovuti iliyojaa picha kubwa humtoza msomaji wake bila yeye kujua sababu, na mtandao ukilegea haifunguki kabisa, wakati maandishi matupu yangepenya.

Kuhusu fedha, hesabu ni kali zaidi. Machi 2018 zilitangazwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka kila mwenye blogu au kituo cha intaneti kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya kupata leseni shilingi 1,000,000, na ya kila mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Aliyekiuka aliweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili. Mashirika kadhaa, miongoni mwao Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Baraza la Habari Tanzania, yalizipinga kanuni hizo katika Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, ambayo si mbali na Nachingwea. Tarehe 4 Mei 2018 mahakama ilizisimamisha kwa muda, lakini kabla ya mwezi huo kwisha shauri lilitupwa. Juni ilipofika, JamiiForums ilifunga milango kwa kitambo na blogu nyingi ndogo zikanyamaza. Kanuni mpya zilitolewa mwaka 2020, kisha mwaka 2022 zikarekebishwa na ada zikapunguzwa.

Uzito wa ada zile za mwaka 2018 kwa tovuti ya wilaya unaweza kupimwa darasani. Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba matangazo yanayowekwa na makampuni makubwa ya ng'ambo humlipa mwenye tovuti shilingi 2 kila ukurasa unaposomwa. Ili kupata shilingi 2,100,000 za mwaka wa kwanza, kurasa zake zingepaswa kusomwa mara 1,050,000. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 178,464 katika wilaya ya Nachingwea na 131,080 katika wilaya ya Ruangwa, jumla 309,544. Kwa hiyo kila mtu wa wilaya hizo, pamoja na watoto wachanga na vikongwe wasio na simu, angelazimika kusoma zaidi ya mara tatu kabla mwandishi hajabakiwa na senti ya kununulia bando. Hata ada ikigawanywa kwa nusu, njia hiyo haimlishi mtu. Ndiyo sababu tovuti nyingi ndogo huacha habari za wilaya na kukimbilia vituko vya wasanii wa Dar es Salaam, maana huko ndiko waliko wasomaji wa kuhesabika kwa mamilioni.

Njia iliyo na matumaini zaidi ni matangazo ya hapohapo wilayani. Maduka kumi yakilipa shilingi 20,000 kila moja kwa mwezi, mwaka mzima ni shilingi 2,400,000. Muuza pembejeo anayetaka wakulima wajue kwamba salfa ya kuzuia ubwiriunga imewasili hanufaiki na msomaji wa Arusha. Kwake, wasomaji mia tatu wa Nachingwea ni bora kuliko elfu thelathini wa mbali. Lakini hapa ndipo kazi mbili za mwandishi-raia zinapogongana. Je, atafanya nini wakulima wakimletea malalamiko kwamba mifuko ya salfa ya duka hilohilo imepungua uzito? Mwenye wafadhili kumi wadogo akimpoteza mmoja hupoteza sehemu ya kumi ya pato. Aliyemtegemea mmoja mkubwa hupoteza tovuti. Wapo pia wanaoishi kwa bahasha, yaani fedha wanazopewa na wenye mikutano na warsha ili waandike mazuri. Bahasha huonekana kuwa msaada wa nauli, nayo kwa kweli ni ununuzi wa habari kwa bei ya kangomba.

Jambo la mwisho ni uhakika wa habari, na hapa hesabu ya kuzidisha ina mengi ya kufundisha. Uvumi ukianza kwa mtu mmoja, na kila anayeupokea akiwatumia watu watano wapya, katika hatua ya saba peke yake watakaoupokea ni 78,125, na katika hatua ya nane 390,625, idadi inayopita watu wote waliohesabiwa katika wilaya zote mbili. Bila shaka mambo hayaendi hivyo hadi mwisho, kwani baada ya hatua chache wengi huwa wameshaupata na mwendo hupungua. Lakini sahihisho hupungukiwa mapema zaidi. Kama kila mmoja analituma kwa watu wawili tu, katika hatua ya nane linawafikia 256. Kusahihisha baada ya kutangaza, basi, si sawa na kuhakikisha kabla. Zaidi ya hayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 humwadhibu anayechapisha kwa makusudi taarifa za uongo za kupotosha umma, na adhabu yake haianzi chini ya shilingi milioni tano au kifungo cha miaka mitatu.

Makosa mengi ya habari za wilayani hayatokani na nia mbaya. Hutokana na kuandika namba bila maelezo. Mnada huwa na bei ya juu na bei ya chini, na kutangaza ya juu peke yake ni kuwatia wakulima tamaa isiyo na msingi. Tena bei ya mnada siyo fedha inayomfikia mkulima, kwa kuwa hukatwa tozo na gharama za ushirika, ghala na usafiri. Habari iliyokamilika hutaja bei zote mbili, tarehe, chama kilichouza, daraja la korosho na makato. Kisha majina ya mahali nayo yana mitego yake. Wilaya ya Ruangwa ina kata iitwayo Nachingwea, hivi kwamba kichwa cha habari kisemacho “Kipindupindu chaingia Nachingwea” kinaweza kuitisha wilaya nzima kwa jambo lililotokea katika kata moja ya wilaya jirani. Kuongeza “kata ya” au “wilaya ya” mbele ya jina hilo hakuzidi baiti kumi.