Anayemuuguza bibi naye ashikwe mkono

Mzee anapoanza kuuliza swali moja mara kumi, kutia chumvi kwenye chai au kumwita mjukuu kwa jina la ndugu aliyefariki zamani, familia nyingi huwa na jibu moja: “Ni uzee tu, mwacheni.”

Mara nyingi si uzee tu. Wapo wazee wanaofika miaka 90 wakikumbuka hadi madeni ya majirani. Kusahau kunakozidi mwezi hadi mwezi, mpaka mtu ashindwe kupika, kuhesabu chenji au kurudi nyumbani kwa njia aliyoizoea, kunaweza kuwa dalili ya demensia, yaani hali inayotokana na maradhi yanayoharibu ubongo. Linaloongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, unaochangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi sasa hakuna dawa ya kuiponya.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya tiba iko mikononi mwa mtu anayeishi na mgonjwa: anayempikia, kumwogesha na kumfuata anapofungua mlango saa nane usiku. Tatizo ni kwamba mtu huyo mara nyingi hana wa kumsaidia.

Mzigo wa mtu mmoja

Takwimu za WHO zinaonyesha kuwa wanawake hutoa asilimia 70 ya saa zote za kuwahudumia watu wenye demensia, na kwamba ndugu anayeuguza hutumia wastani wa saa tano kwa siku. Kwenye familia zetu mtu huyo huwa binti aliyebaki nyumbani, mkamwana, au msichana anayekatizwa shule ili “akae na bibi”.

Ndugu walioko mjini hutuma pesa kwa simu, na ni msaada wa kweli. Lakini pesa haimpi usingizi aliyekesha siku tatu. Uchovu huo ukizidi, huzaa hasira, makofi na kumfungia mzee ndani, na anayeuguza mwenyewe huanza kuugua sonona au shinikizo la damu.

Kutojua nako kuna hatari yake. Mzee anayezunguka usiku akiongea peke yake anaweza kuitwa mchawi, na Kanda ya Ziwa wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa tuhuma hizo. Familia inayojua kuwa huo ni ugonjwa huwa ya kwanza kumtetea.

Somo kutoka Hai

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ni miongoni mwa maeneo ya vijijini barani Afrika ambako demensia imechunguzwa kwa kina. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ulikuta takribani 6 kati ya kila 100 wanaishi na hali hiyo.

Kwa kuwa wazee wengi wa vijijini hawakusoma, watafiti waliandaa kipimo kisichohitaji kalamu. Mzee huulizwa maswali mafupi, hupewa maneno ya kukumbuka, kisha huombwa kupanga njiti za kibiriti kama alivyoonyeshwa.

Hai pia palijaribiwa tiba ya vikundi ya kuchangamsha akili, iliyoanzia Uingereza. Wazee wachache hukutana mara mbili kwa wiki, vipindi 14 ndani ya wiki saba. Wanaimba, wanacheza mpira mwepesi, wanazungumzia vyakula, utoto wao na matumizi ya pesa. Mzee hahojiwi ili ajibu sawasawa, anaulizwa anaonaje. Kwa Hai, shughuli zilibadilishwa ziendane na mila, vifaa vya kijijini na wasiojua kusoma.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalihusu wazee 34 wenye demensia ya awali na ya kati. Uwezo wao wa kufikiri na kukumbuka uliboreka, na wasiwasi na tabia zinazosumbua zilipungua. Ni kundi dogo, na tiba hiyo haiondoi ugonjwa. Lakini inaonyesha kuwa msaada wenye maana unaweza kutolewa bila mashine za gharama.

Wanaouguza wakikutana

Anayeuguza naye ana programu zake. Mojawapo imejaribiwa India, Urusi na Peru. Mhudumu wa afya aliyepewa mafunzo mafupi huitembelea familia mara moja kwa wiki, kwa wiki tano. Anasikiliza hali ya nyumbani, anaeleza ugonjwa ni nini, kisha anafundisha namna ya kukabili tabia zinazoitesa familia hiyo, kama kukataa kuoga. Nchini Urusi na Peru, waliopata mafunzo hayo walipungukiwa na mzigo kuliko ambao hawajayapata.

Kwa majirani zetu Kenya, shirika la Alzheimer’s and Dementia Organisation Kenya, lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga aliyewahi kumuuguza baba yake, linaendesha vikundi vya kusaidiana. Wanaokutana humo hupeana mbinu, na pia hupata nafasi ya kusema “nimechoka” bila kuonekana hawampendi mzazi.

Wilayani kwako huenda hakuna kikundi kama hicho. Lakini wanawake wanaokutana kila wiki kwenye vikoba, jumuiya au kikundi cha msikitini tayari wana nusu ya kazi. Kinachobaki ni mmoja kuanza kusema yanayomsibu nyumbani.

Kwanza, hospitali

Si kila anayesahau ana demensia. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi, sonona, na hata baadhi ya dawa huweza kuvuruga kumbukumbu, na mengi ya hayo yanatibika. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe hospitali mara moja. Huenda ana maambukizi, sukari imeshuka au amepata kiharusi.

Nenda na dawa zote anazotumia na maelezo ya lini mabadiliko yalianza. Hospitalini ulizia dirisha la wazee, na umwone afisa ustawi wa jamii kuhusu matibabu ya bure kwa wazee wasio na uwezo.

Mambo ya kufanya nyumbani

Usimpime mzee kwa kumuuliza, “Hebu niambie, mimi nani?” Jitambulishe: “Shikamoo bibi, mimi mjukuu wako, nimekuletea uji.”

Akimuulizia babu aliyekwisha kufariki, usimpe taarifa ya msiba upya kila siku. Mwambie, “Umemkumbuka babu? Hebu nisimulie habari zake.”

Mchana mpe kazi anayoiweza: kuchambua mchele, kukunja nguo, kumenya maharage. Apate jua na kutembea. Jioni apunguze chai ya majani na kahawa, na taa iachwe ikiwaka njia ya chooni.

Shona namba ya simu ya familia kwenye pindo la nguo yake, na waambie majirani na bodaboda wa kijiweni wapige wakimwona peke yake. Namba ya siri ya pesa za simu itunzwe na ndugu mmoja, wengine wakijua matumizi.

Watoto nao waambiwe ukweli kwa lugha yao: ubongo wa bibi unaumwa, si kwamba hawapendi. Waruhusiwe kumwimbia na kukaa naye, ila wasiachiwe ulezi wala kukosa shule.

Gawaneni zamu

Familia iitishe kikao kabla mambo hayajaharibika. Iandikwe nani analala na mzee siku gani, nani analipia dawa, na nani anampeleka kliniki. Anayetuma pesa apangiwe pia siku za kuja kukaa yeye mwenyewe, hata wikiendi moja kwa mwezi, ili anayeuguza alale, aende saluni, kanisani au kwa watoto wake.

Na kabla ya kuuliza “Mama anaendeleaje?”, mpigie simu anayemuuguza umuulize kwanza yeye amelala saa ngapi jana.