Mkono wa mpasuaji hufundwa kwanza kwenye ganda la ndizi

Upasuaji wa msingi ni kazi ya mikono yenye stadi chache zinazohesabika: kunawa na kuvaa glovu bila kuzichafua, kuchoma ganzi, kukata kwa kina kinachotakiwa, kuziba mshipa unaovuja damu, kufunga fundo lisilolegea na kushona kidonda. Bingwa wa moyo na tabibu wa kituo cha afya wote huanzia hapo. Mafunzo ya mwigo humpa mwanafunzi stadi hizo kwenye vitu visivyosikia maumivu, kama mdoli, kitambaa, ganda la tunda au mguu wa mbuzi, kabla hajaruhusiwa kugusa ngozi ya mgonjwa.

Katikati ya Dar es Salaam stadi hizo zinahitajika kila siku. Kariakoo ni mahali pa mabati, vioo, misumari ya makreti, mikokoteni inayosukumwa mbiombio na bodaboda zinazopenya kila upenyo. Mtu akichanika mkono Mtaa wa Kongo hukimbizwa hospitali ya karibu, kama ile ya Mnazi Mmoja, na aliyeumia vibaya hupelekwa Muhimbili, Upanga. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, na makumi ya watu walitolewa kwenye kifusi wakiwa hai. Siku kama ile haina nafasi ya kumfundisha mtu namna ya kushika koleo. Anayepokea majeruhi awe alishajifunza zamani.

Hospitali ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Mwaka 1963 mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam, na chuo kilichotokana nayo kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, mwaka 2007. Kama kwingineko duniani, ufundi wa upasuaji ulirithishwa kwa mtindo ulioenezwa na William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, mwishoni mwa karne ya 19: mwanafunzi anakaa karibu na bingwa, anatazama, anasaidia, kisha anaachiwa afanye mwenyewe. Madaktari wameufupisha kwa maneno matatu: ona, fanya, fundisha. Mtindo huo umezaa mabingwa wengi, lakini una kasoro mbili. Wanafunzi kumi wakizunguka kitanda kimoja, wa nyuma huona migongo ya wenzake tu. Pili, na hili ni zito zaidi, mkono unaotetemeka kwa mara ya kwanza hutetemekea ndani ya mwili wa mtu.

Wahenga wa tiba waliiona hatari hiyo mapema. Maandishi ya Sushruta, tabibu wa India ya kale, yanaagiza mwanafunzi ajifunze kukata kwenye maboga na matango, na kushona kwenye vitambaa vizito na ngozi laini. Bidhaa hizo zote zinapatikana Kariakoo leo. Karne nyingi baadaye, mwaka 1960, mtengeneza midoli wa Norway, Asmund Laerdal, alitoa mdoli mkubwa wa kufundishia kurudisha pumzi na kukanda kifua, na tangu hapo midoli ya tiba imeenea duniani. Mingine leo inapumua, inatoa jasho na kubadili mapigo ya moyo kwa amri ya kompyuta. Bei yake ni kubwa mno, na kwa stadi za msingi haihitajiki.

Ndizi mbivu inatosha kuanza. Mwanafunzi anashika kisu cha upasuaji kama anavyoshika kalamu, anakata ganda kwa urefu wa sentimita tano, bila kugusa nyama ya ndani. Akilemea, mstari unaonekana wazi kwenye nyama nyeupe, na mwalimu hana haja ya kusema neno. Kisha anashona alipokata. Sindano ya upasuaji imepinda kama mwezi mchanga, nayo hushikwa kwa koleo lake thuluthi moja kutoka mwisho wenye uzi. Kidole gumba na cha pete huingia kwenye matundu ya koleo, cha shahada hulala juu ya chuma ili kuliongoza. Sindano inaingia wima, kisha kifundo cha mkono kinazungushwa ili ifuate mpindo wake wenyewe. Anayeisukuma moja kwa moja, kama fundi anavyoshona godoro kwa shazia, hulirarua ganda. Anayekaza uzi kupita kiasi hulikata pia. Kwenye ngozi ya binadamu kosa hilo la pili lina madhara makubwa, kwa kuwa mshono uliobana huzuia damu kufika kwenye kingo za kidonda, zikafa, na jeraha likafumuka siku chache baadaye. Kingo zinatakiwa zikutane na kuinuka kidogo kwa nje. Zikijikunja ndani, kidonda huchelewa kupona.

Fundo lina somo lake. Kwa nyuzi mbili za rangi tofauti zilizofungwa kwenye kishikio cha kikombe, mwanafunzi anaona kwa macho fundo linavyojengwa. Kila kifungo kinapita upande ulio kinyume na kilichotangulia, na nyuzi zinalala bapa. Akipitisha vifungo viwili upande mmoja, fundo linapendeza lakini linateleza. Chupa ya maji ya nusu lita ikining'inizwa hapo humaliza ubishi. Ndani ya tumbo la mzazi aliyefanyiwa upasuaji, fundo linaloteleza ni damu inayomwagika wakati mama ameshalazwa wodini na kila mtu anaamini kazi imekwisha. Kwa sababu hiyo walimu hudai fundo lifungwe mamia ya mara, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, hadi vidole vifanye bila kuamriwa.

Baada ya ndizi huja nyama. Vyuo vingi vya Ulaya hutumia miguu ya nguruwe. Katika jiji lenye Waislamu wengi kama Dar es Salaam, mguu wa mbuzi ambao haujababuliwa unafaa vizuri: una ngozi, mafuta na kano, na kila tabaka hushonwa kivyake. Utumbo wa mbuzi uliooshwa hufundisha kuunganisha matumbo, kazi ambayo ubora wake hupimwa kwa kumimina maji ndani na kuangalia kama mshono unavuja. Mrija wa dripu uliojazwa juisi ya rozela huwa mshipa wa damu; ukikatwa, nyekundu inaruka, na mwanafunzi anajifunza kubana kwanza, kuona, ndipo afunge. Sponji la godoro lililofunikwa kwa tyubu ya baiskeli hukaa miezi bila kuoza. Hata upasuaji wa matundu madogo una mazoezi yake ya bei nafuu: kasha la plastiki lenye matundu mawili, simu ya mkononi ikiwa kamera, na punje za maharage za kuhamisha kutoka kisahani hiki kwenda kingine. Humo mkono ukienda kulia ncha ya chombo huenda kushoto, na ubongo unahitaji siku kadhaa kuzoea.

Usalama haulegezwi kwa kuwa mgonjwa ni ndizi. Sindano zilizotumika huenda kwenye sefti boksi, kasha la kutupia vitu vyenye ncha kali, glovu huvaliwa, nyama ya mazoezi hairudi jikoni, na vifaa vilivyogusa nyama hiyo haviingii tena chumba cha upasuaji.

Je, ufundi uliopatikana kwenye mwigo unahamia kweli kwa mgonjwa? Jaribio la Chuo Kikuu cha Yale, lililochapishwa mwaka 2002, lilijibu swali hilo. Madaktari waliofanya mazoezi kwenye kompyuta kabla ya kutoa kifuko cha nyongo walikitenganisha na ini kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 29. Wenzao ambao hawakufanya mazoezi hayo walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kukijeruhi kifuko au kuunguza nyama isiyohusika. Huko Toronto, mwaka 2006, watafiti waliwagawa madaktari 38 waliokuwa wakijifunza kuunganisha mishipa midogo. Nusu walifundishwa vipindi vinne siku moja, nusu kipindi kimoja kila wiki kwa wiki nne. Mwezi mmoja baadaye, wa kundi la pili waliwashinda wenzao.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Haydom, mkoani Manyara, ingawa unahusu watoto wachanga. Wahudumu wa hospitali ya huko walifundishwa kwa siku moja, kwa kutumia mdoli, namna ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Walipopimwa kwenye mdoli walikuwa hodari. Walipotazamwa wodini, kazi haikuwa imebadilika. Hospitali ikaleta mdoli karibu na chumba cha kuzalia, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi ya dakika chache, mara kwa mara. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40. Matokeo haya yanapaswa kusomwa na kila anayepanga semina ya siku mbili yenye vyeti na chakula cha mchana. Semina hufungua mlango, lakini mkono hujengwa na ratiba ya kila wiki.

Mwigo hufundisha pia kazi ya pamoja. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Mtakatifu Fransisko ya Ifakara. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo humtaka muuguzi athibitishe kwa sauti mbele ya wote kwamba hesabu ya vitambaa imekamilika. Kwa muuguzi kijana mbele ya daktari mkubwa, kauli hiyo huwa nzito mdomoni. Ikitamkwa mara kumi mbele ya mdoli, hulegea.

Mipaka ipo. Ndizi haitoi damu, haina shinikizo la damu, haishtuki ganzi inapoisha. Mgonjwa ana hofu na ndugu wanaosubiri nje, na kuzungumza naye hakufundishwi na mguu wa mbuzi. Mwigo hauondoi nafasi ya bingwa aliyesimama upande wa pili wa meza. Humletea bingwa huyo mwanafunzi aliyekwisha kuvuka makosa ya kitoto.

Tanzania ina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Hapa sehemu kubwa ya upasuaji wa kuokoa maisha wilayani, hasa wa uzazi, kwa miaka mingi imebebwa na madaktari wasaidizi, kada iliyoanza kufundishwa mwaka 1963. Mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na ganzi uliozinduliwa mwaka 2018 uliweka mafunzo miongoni mwa nguzo zake. Chumba cha mazoezi chenye meza, maji, taa na kabati la vifaa si mzigo unaoizidi hospitali ya wilaya. Kwa wanafunzi wa Upanga, ndizi, sponji, tyubu na kasha la plastiki viko Kariakoo, jirani tu. Wakuu wa hospitali na vyuo watenge saa moja kila wiki na mwalimu mmoja wa kukaa na wanafunzi mezani, na saa hiyo isifutwe kwa sababu ya kikao.